Shingo ya Kishungi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Naapa kuandika kila kitu humu, hata yatakayoniaibisha. Kisha nitalituma daftari kwa Dada, aliye chuoni akisomea utabibu wa mifugo. Yeye ndiye pekee kwetu asiyeguna nikizungumza habari za farasi. Mama huguna. Baba hukumbuka shughuli nje.

Mambo ni haya. Mjomba anamfundishia Tajiri farasi wachanga. Si wa mbio. Ni wa madaha: wanaoingia uwanjani na kutembea kwa hatua za kupimwa, wakageuka na kusimama kwa ishara ambayo mtazamaji haioni. Kishungi ana miaka mitatu na nusu. Mjomba ameanza kumpanda, kidogo kidogo. Leo Tajiri amesema atakuja kumtazama Jumamosi ya wiki ijayo. Akimpenda, atabaki. Asipompenda, atauzwa kwa mchukuzi wa mawe. Farasi wa mwisho wa mchukuzi aliteleza mlimani na mkokoteni ukamshukia. Alizikwa hapo hapo.

Mjomba hana wasiwasi. Ajabu! Anamzungusha Kishungi kwa kamba ndefu, dakika ishirini tu, kichwa huru, pua karibu na mchanga kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Nikamwuliza shingo itapinda lini, kama ya farasi wa kwenye picha. Akasema mwaka, labda miwili. Kwanza miguu ya nyuma ipate nguvu, kisha mgongo ulegee, shingo itakuja yenyewe. Akataka kunipa na methali ya haraka haraka. Nikamwambia naijua.

Tuna siku kumi na mbili.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku mbaya. Maringo (ndivyo tunavyomwita, tuko darasa moja, na babake ni msimamizi wa mabanda) amesema mbele ya watu wote kwamba Kishungi akitembea ni kama mbuzi anayenusa maganda. Darasa zima likacheka. Mwalimu wa jiografia naye akacheka, kisha akajidai anakohoa. Farasi jike wa Maringo ana shingo iliyopinda kama mpini wa birika. Nimerudi nyumbani nimefura kama chura.

Lakini nimepata wazo! Katika chumba cha matandiko kuna kanda mbili za ngozi, ndefu, zenye matundu. Zinafungwa toka kwenye lijamu, kile chuma cha kinywani, hadi kwenye mshipi wa tumbo, kulia na kushoto. Ukikaza, kichwa kinashuka na shingo inapinda. Mjomba amezitundika juu kabisa. Anasema si za mtoto huyu, si mwaka huu. Mjomba akishakula mchana hulala hadi saa tisa na nusu. Sisi hutoka shule saa nane. Nani asiyeona mpango wa Mungu hapo?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeanza. Tundu la kwanza jana, la pili leo. Kishungi alishangaa, akarudi nyuma, akajikuta ameinamishwa. Nikampa nusu ya karoti. Shingo ilipinda! Siku mbili! Jambo ambalo Mjomba anahitaji miaka miwili! Huwa najiuliza kama watu wazima wanajaribu kweli.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Matundu yamekwisha. Nimetoboa mapya kwa bikari yangu ya hesabu, matatu kila upande. Bikari imepinda. Katika mtihani wa leo duara langu limetoka kama yai, na mwalimu amenipa alama mbili, moja ya huruma.

Kishungi akiniona sasa anajisogeza pembeni kabisa mwa banda na kunipa mgongo. Nadhani ni heshima.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mjomba ameshtuka. Anasema farasi anainamisha shingo kabla hajaombwa, lakini mgongo umekakamaa kama meza, na akiguswa hatamu anaificha pua kifuani. Anasema huko si kutii, ni kujikinga. Kisha akauliza, huku anashona mshipi na wala hanitazami, ni nani aliyemfundisha Kishungi, mwanawe, uongo.

Nikasema Maringo nimemwona huku mara nyingi. Si uongo. Babake anafanya kazi huku.

Mjomba akamwendea babake. Maringo amepigwa marufuku kukanyaga uwanjani mwezi mzima. Jioni alikuja hadi mlangoni kwetu, macho mekundu, akaapa kwamba hajamgusa Kishungi hata ukwato. Akaniuliza mimi, rafiki yake tangu darasa la kwanza (hili nilikuwa nimelisahau), kama najua ni nani. Nikampa pole. Lakini zimebaki siku tatu, na mtu hawezi kushughulika na mambo yote kwa pamoja.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Niliapa kuandika kila kitu.

Tajiri alifika saa nne, viatu vyeupe, daktari wa mifugo nyuma yake. Mjomba akampanda Kishungi wakaingia kwa mwendo wa taratibu. Na shingo ile! Imepinda kama upinde! Tajiri akapiga makofi, akasema huyu ndiye, kumbe alikuwa akifichwa farasi kama huyu! Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uzio nikilia kwa furaha. Kwa dakika mbili nilikuwa mtu mwenye akili kuliko wote duniani.

Kisha Mjomba akalegeza hatamu, ili farasi anyooshe shingo apumue, kama kawaida yake. Kishungi hakujua la kufanya na uhuru huo. Akatikisa kichwa. Mjomba akagusa hatamu kidogo sana, kwa vidole viwili, nilimwona. Kishungi akakimbia kinyumenyume. Akainuka kwa miguu ya nyuma, juu, juu zaidi, akaanguka chali. Mjomba alikuwa chini yake.

Kishungi aliinuka. Mjomba hakuinuka. Paja lake lilikuwa limeelekea upande ambao paja halielekei.

Tukingoja gari la hospitali, daktari alimfungua Kishungi kinywa. Povu lilikuwa la rangi ya waridi. Akasema pembe za mdomo zimechanika, na si leo; ni vidonda vya siku nyingi, vya kanda zilizokazwa kupita kiasi. Tajiri akauliza ni nani. Mjomba, amelala mchangani, uso umekuwa wa majivu, alinitazama mara moja tu. Akasema, "Mimi."

Tajiri akasema mwalimu anayemchana mtoto kinywa hana kazi kwake. Na farasi anayeanguka chali hamtaki. Mchukuzi wa mawe aitwe.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Hospitali. Mguu wa Mjomba umening'inizwa kwa chuma. Daktari amesema atatembea, lakini kupanda farasi asahau. Mama alikuwa akimenya chungwa na kulimenya tena, hadi halikubaki chungwa.

Alipotoka kutafuta maji, Mjomba akasema uso wangu ni dirisha lisilo na pazia, na kwamba alijua pale pale mchangani. Nikamwuliza kwa nini alisema ni yeye. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyepaswa kutazama kinywa kila siku, na wiki ile hakutazama, kwa sababu ile shingo, Mungu amsamehe, ilimpendeza na yeye.

Nikalia sana. Akanipa mambo matatu ya kufanya. Niende kwa Tajiri nikaseme ukweli. Nimwombe radhi Maringo mbele ya babake. Na nisimguse tena Kishungi, nisimfundishe lolote, kwa njia yoyote. Akanifanya niyarudie mara mbili kama mtoto wa chekechea. Mpwa wangu, umeelewa? Nimeelewa, Mjomba.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimeelewa kabisa. Kosa langu lilikuwa kukaza. Sitakaza tena kitu chochote maishani.

Kwa Tajiri nitakwenda, na kwa Maringo pia, ila kila jambo na zamu yake. Nikienda leo nitafukuzwa mabandani, na Kishungi atabaki na nani? Mchukuzi alikuja asubuhi, kabla sijaenda shule. Akamtazama meno, akampiga kofi la kiuno kama anayepima tikiti. Atamchukua Jumamosi. Nilimsikia akimwambia msimamizi kwamba kitu kimoja tu ndicho hawezi kukinunua: farasi anayechechemea.

Dada, naomba usome hapo tena.

Sitamuumiza. Nitatumia upole mtupu, na karoti. Daftari nalituma leo hii. Posta huchukua siku mbili kuja kwako na mbili kurudi, kwa hiyo jibu lako litanifikia Ijumaa ukiandika siku hiyo hiyo. Usimwambie Mama. Nijibu hili moja tu: farasi mchanga mwenye miguu mizima anaweza kufundishwa kuchechemea kwa siku moja, na je, tunaanza na mguu wa mbele au wa nyuma?