Mwizi Aliyezidharau Panga Zangu

Leland Hruska,
Mtaa wa Sycamore,
Brackett Falls, Ohio.

Kwa Mkuu wa Polisi,
Brackett Falls.

Ndugu Afande Mkuu,

YAH: KUDHARAULIWA NA MWIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini bega lako lililoteguka kwenye mechi ya hisani limepona. Mimi mwilini ni mzima. Rohoni ndiko nilikovunjiwa.

Kama ulivyokwisha kuarifiwa, Jumanne mchana, nikiwa kwenye shughuli zangu za kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, mwizi aliingia sebuleni kwangu. Alichukua televisheni, zulia, mashine ya kahawa na kochi. Juu ya hivyo sina neno. Wizi ni wizi, na kochi lenyewe lilikuwa limebonyea katikati. Ninacholalamikia ni vile alivyoviacha.

Ukuta wangu, kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni, umejaa panga za mfano wa zile wanazobeba mashujaa wa katuni za Kijapani. Upo mweusi wenye makali mekundu kama kaa la moto. Upo uliofungwa bandeji kama majeruhi. Upo mmoja mpana kuliko meza ya kupigia pasi, ambao wakati wa kuutundika nilitoboa ukuta nikatokea bafuni. Kila upanga una kitaa chake cha kuumulika. Mwizi hakuchukua hata mmoja. Hakuchukua hata kale kadogo ka kufungulia bahasha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwizi aliziona. Waya wa televisheni ulipita nyuma ya ule upanga wa bandeji, na ili auchomoe ilimlazimu aushushe. Akaushika mpini, akauweka sakafuni, akachomoa waya wake, kisha akaurudisha ukutani. Kichwa chini! Tena alipotoka alifunga mlango kwa ufunguo, kumaanisha ni mtu makini, ajuaye kuchagua. Mwizi mlevi ningemsamehe. Huyu aliniangalia maisha yangu yote ukutani, akafikiri, akabeba mashine ya kahawa.

2. Konstebo Tibbets, uliyemtuma kwangu, alisimama mbele ya panga kimya, kofia mkononi. Nikadhani dada wa watu ameguswa. Kumbe anajizuia kucheka. "Mzee," akasema, "huu mpana ni wa kukatia nini? Pizza ya mtaa mzima?" Nikamweleza kwa upole kwamba shujaa wake aliutumia kulipasua jitu lenye vichwa saba. Akaubonyeza kwa kidole. Ukabonyea. "Basi na jitu lilikuwa la sponji," akasema. Afande, ni kweli ulibonyea, lakini hayo ni mambo ya ndani kati ya mtu na upanga wake. Nilipomwomba aandikishe pia vitu vilivyodharauliwa, aliniuliza kama nimekula tangu asubuhi.

3. Shemeji yangu Dwight, kaka wa mke wangu. Huyu sebule yake kaipamba kwa vichwa vya kulungu aliowawinda, na kila sikukuu hunikumbusha kwamba mapambo yake yaliwahi kupumua. Nilimpigia simu kumpa taarifa ya msiba. Akauliza, "Polisi umewaita kweli?" Nikamwambia ndiyo, na alama za vidole zimechukuliwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Pole, shemeji," akasema, "ila mwizi naye ana macho." Nikamsihi asimwambie dada yake. "Mimi? Utamu huu niuharibu?" Na kweli hajasema, kwa hilo namshukuru.

4. Hapa ndipo penye donda. Mke wangu Noreen yuko Toledo akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, na anarudi Jumamosi. Nilipoanza kutundika panga hizi alinijia juu, nami nikamtuliza kwa hoja moja tu: ni ulinzi. Nikamwambia mwizi akichungulia dirishani na kuona ukuta huu atakimbia bila viatu. Akasema, "Leland, haya mapanga yako hayamtishi hata paka. Lakini sawa. Siku mwizi akiingia, yote yanashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kando ya tangi la maji moto." Nikakubali upesi, kama mtu anayekubali kulipa deni siku ya Kiama. Kule chini kuna ukungu, Afande. Na yeye ana sahani zake zilizochorwa minara ya taa, zimekaa kwenye boksi zikiusubiri ukuta huo.

Utajiuliza mtu mzima anang'ang'ania nini. Panga hizi nilizianza na binti yangu Kaylin. Jumamosi asubuhi tulikaa pamoja na bakuli zetu za nafaka na maziwa, tukitazama katuni, na hadithi ikiisha tunakwenda kuutafuta upanga wake. Sasa Kaylin kahamia Columbus kuanza kazi. Nikizitazama najua kila mmoja ni wa hadithi gani, na shujaa alipokufa ni nani alilia. (Ni mimi.)

Kwa hiyo, kwa heshima kubwa, naomba mwizi akipatikana asiwekwe ndani kwanza. Aletwe hapa, asimame mbele ya ukuta, ajieleze. Pili, kama ni mtu wa utu, arudi kuiba walau upanga mmoja kabla ya Jumamosi. Mlango wa nyuma nimeuacha wazi, nimeweka ule mweusi karibu, pamoja na karatasi inayoeleza namna ya kuubeba bila kuumiza mgongo. Naomba doria isimsumbue. Ikishindikana kabisa, ofisi yako initolee cheti chenye mhuri, kithibitishe kwamba panga zangu zinatisha, ila mwizi huyu mahususi haoni vizuri.

Nisalimie askari wote wa kituo, Konstebo Tibbets hata kama hastahili, mama anayepokea simu, na mbwa wa doria.

Ni mimi raia wako niliyejeruhiwa kwa kutojeruhiwa,

Leland Hruska

Tanbihi: Afande, nilikuwa nagundisha stempu Noreen akapiga simu kuuliza kama kochi jipya limeletwa. Nikamuuliza, kochi gani? Basi hakuna mwizi. Ni Dwight, kwa ufunguo wa Noreen, aliyevipeleka vile vitu Columbus kwenye nyumba ya Kaylin. Kochi lile bovu Kaylin mwenyewe ndiye aliyeliomba, hataki jingine. Noreen anasema aliniambia yote haya nikiwa nafuta panga vumbi, nami nikaitikia, "Sawa, mpenzi." Naomba faili lifungwe. Alama za vidole ni za shemeji. Mkitaka kumweka ndani siku mbili tatu, familia haitapinga. Nilimuuliza Noreen kwa sauti ya chini, mbona Dwight hakuchukua hata upanga mmoja. Akasema, "Aliutaka ule mpana, akauweke katikati ya kulungu wake. Nikamwambia asithubutu kuugusa. Leland akirudi asiuone, atapiga simu polisi."