Majirani Wanamaliza Chumvi Yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niwasihi wenye mamlaka wavunje kikundi cha malezi cha mtaa wetu. Mimi ni seremala, baba wa watoto watatu.

Kikundi hukutana nyuma ya zahanati na afisa ustawi wa jamii, mama asiyepandisha sauti hata ukimkanyaga. Amewafundisha majirani kwamba wakisikia mtoto anapigwa, wasinyamaze wala wasije na ugomvi. Wabishe hodi, waombe kitu kidogo, wakae mpaka mzazi apoe. Wao wamechagua chumvi. Madhara ni haya:

1. Chumvi haikai. Nikifoka tu, hodi! Kama fundi cherehani wa nyumba ya pili angekuwa anaitia kweli kwenye chakula, familia yake yote ingekuwa wodini.

2. Simalizi hasira zangu. Mwanangu wa kati alipokata mbao ya mteja ili atengeneze gari la kuchezea, nilishika mkanda. Mara jirani yetu mwingine, kinyozi, huyo mlangoni: "Shemeji, chumvi kidogo tu, mboga iko jikoni." Nikatafuta kopo, nikalikuta nyuma ya unga. Niliporudi sikukumbuka mkanda nimeuweka wapi, na mtoto alikuwa ameshampa mgeni kiti.

3. Nilijaribu kuchapa kwa siri. Nikafunga madirisha, nikafungulia redio. Kumbe siku hizi redio ya ghafla nayo ni dalili. Wakaja watatu, mmoja wao mama mkwe wangu, ambaye anaishi humu humu ndani. Alitoka mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha hodi mbele: "Mwanangu, nisaidie chumvi." Mama mkwe hanyimwi chumvi; nikampimia.

4. Heshima imeshuka. Zamani nikikohoa getini nyumba nzima ilinyamaza, nikala kwa utulivu. Sasa wananikimbilia. Huyo wa kati ananisimulia ya shuleni tangu navua viatu mpaka nanawa mikono, na gari lake ameliacha karakana nilirekebishe magurudumu. Wateja wanasubiri.

5. Afisa mwenyewe alikuja kuniuliza kinachonisumbua. Nikamwambia kazi zimekauka na usingizi sipati. Badala ya kunikaripia, alinisikiliza, kisha akanitafutia kazi ya madawati ya shule. Hata sababu ya kukasirika ananinyang'anya!

Turudi tulikokuwa. Binti wa nyumba ya kona alipokuwa akipigwa, mtaa mzima tulimsikia, na mtaa mzima tuliongeza sauti ya redio. Siku alipobebwa kwenda hospitali, hakuna aliyelaumiwa kwa kuingilia mambo ya watu. Hakuna aliyepungukiwa chumvi. Huo ndio ulikuwa ujirani.

Wasalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti wote, na nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo.

Wako katika kudai haki,
Seremala wa geti la bluu

Baada ya kusaini: Jana jioni mpangaji mpya wa nyumba ya kona alianza kufoka, mtoto akalia. Nilisubiri nisikie hodi ya mtu mwingine. Sikuisikia. Nikachukua kikombe nikaenda. Chumvi alinipa shingo upande, nami nikajikalia, nikamuuliza habari za kazi mpaka mtoto akalala. Tafadhali usiichapishe barua hii. Bwana huyo husoma gazeti lako, naye asijue kwamba siku hizi kopo letu limejaa, kwani kesho huenda nikahitaji kumwomba tena.