Kigae cha Shangazi Ciakuthii

Jumatatu, Novemba 3

Siku ya balaa. Nimeunguza kibao cheupe.

Niandike vizuri, ili siku moja ijulikane kwamba kosa halikuwa langu. Ghala letu hapa Kaaga huwaazima watafiti wa mazingira vifaa vya kupimia. Kifaa kikuu ni spektromita, mashine inayosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye jani au udongo na kuuchora kama mstari kwenye kompyuta. Kabla ya kupima chochote unaielekeza kwanza kwenye kibao cheupe, ndipo ijue weupe ni nini. Ukiielekeza tena kwenye kibao hichohicho, mstari unanyooka kama rula, maana kitu kimelinganishwa na nafsi yake. Vitu vingine vyote duniani hutoa mstari wa milima na mabonde. Kibao hiki hakiguswi hata kwa kidole.

Mimi nimekiwekea birika la chai.

Meza ilikuwa imejaa! Ningeweka wapi? Sasa kina duara la kahawia katikati. Nimelisugua kwa waya wa sufuria, likazidi kuonekana. Na Ijumaa Bwana Mwiti, mkurugenzi wetu, anakagua ghala ili aamue nani awe msimamizi wa kudumu. Ni mimi au Kendi. Kendi ni karani, hachelewi, hasahau, na birika lake lina kitambaa cha kuliwekea. Mtu wa kuudhi sana. Asiyechaguliwa mkataba wake unaisha mwezi huu.

Nimekifungia kibao kabatini. Ufunguo ni mmoja tu, nao uko shingoni mwangu.

Jumanne, Novemba 4

Suluhisho! Kaburi la shangazi Ciakuthii liko chini ya shamba letu, kando ya migomba. Limejengewa vigae vyeupe, tena vile visivyong'aa. Kimoja pembeni kilikuwa kinalegea. Nimekibandua, nikakipima. Kinaingia kwenye sanduku la kibao bila kubaki nafasi.

Marehemu aliazimisha sufuria na majembe kijiji kizima, lakini hakukuachia kitu bila rehani. Kofia, kiatu, chochote chako alikaa nacho. (Hata sisi ghalani ndivyo tunavyofanya: ukiazima unaacha kitambulisho.) Na ukichelewesha, hakubisha hodi wala kufoka. Alikuja na kitambaa chake cha kichwa, akasimama mlangoni kwako kimya, hadi wewe mwenyewe unuse ugoro wake na ugeuke. Nikiwa mtoto niliogopa kugeuka. Hata leo nikikumbuka naogopa kidogo.

Basi nikasema kwa sauti, kwa utani tu, kwamba shangazi nimeazima, hadi Ijumaa. Saa hiyohiyo ndege wakanyamaza. Migomba ikaacha kutikisika. Ilikuwa saa sita mchana na ukungu ulikuwa umefika magotini. Nikacheka. Kicheko hakikutoka vizuri.

Jumatano, Novemba 5

Kigae ni safi. Nimekielekezea spektromita na mstari ukanyooka. Mimi ni fundi, wacha waseme.

Saa sita nilikuwa nikifuta sanduku nikanusa ugoro. Hapa ofisini hakuna anayeunusa. Nilikaa kitambo kabla ya kugeuka. Mlango ulikuwa wazi, nje ukungu mtupu. Kendi akaja kuniuliza mbona simkaribishi yule mama. Mama yupi? Kendi akanitazama kana kwamba naumwa.

"Yule wa kitambaa cha kichwa, amesimama nyuma yako hapo. Nimempa kiti amekataa. Amesema yeye anangojea Ijumaa."

Nimeelewa mchezo. Kendi anataka kunitia hofu kabla ya ukaguzi. Sijui tu habari za kitambaa cha shangazi alizipata wapi.

Alasiri akaja Daktari Rwamba kutoka Embu. Anapima miti karibu na bwawa la Kiambere, kazi ya miaka mitatu, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya vipimo. Akaazima mashine na kibao, akaacha kitambulisho, akatia sahihi daftarini, akaniomba nimsaidie kubeba. Nimekubali. Mkurugenzi akisikia nimefika hadi nyanjani atafurahi.

Alhamisi, Novemba 6

Kiambere. Jua kali, vumbi, miiba, na maji ya bwawa yametulia kiasi cha kutisha.

Daktari alipima kigae, kisha majani. Mistari ikatoka imepinda vibaya. Akauliza kama kibao kina shida. Nikasema kibao ni kipya, labda miti ndiyo inaumwa. Akaielekeza mashine kwenye mkono wake mwenyewe ili aijaribu. Milima na mabonde, mkono wa mtu mzima anayeishi. Kisha akaniambia kwa upole, "Bwana Kailemia, hebu weka wako."

Nikaweka mkono. Mstari ukanyooka.

Akarudia. Ukanyooka. Akaniambia nijifute jasho, nikajifuta, akaanza upya kwenye kigae. Mstari ukanyooka kutoka mwanzo wa skrini hadi mwisho, bila hata kijibonde.

"Hii inamaanisha wewe na hiki kibao ni kitu kimoja," akasema polepole. Hakucheka. Akanishika mkono kama anayetafuta mshipa, kisha akauachia haraka.

Niliogopa, sitaki kudanganya shajara yangu. Mkono ulikuwa baridi na jua lilikuwa la utosi.

Tukafunga vifaa, tukarudi. Aliponishusha alisema mashine na sanduku nirudi navyo, ila kibao atakwenda nacho Embu kukichunguza, maana kazi yake ya miaka mitatu haiwezi kuishia hapo. Nilitaka kumwambia ukweli. Kweli nilitaka. Nikamwambia safari njema.

Ijumaa, Novemba 7

Ushindi! Bwana Mwiti alifungua sanduku, akaona nafasi tupu, akaangalia daftari, akakuta sahihi ya Daktari Rwamba. Kila kitu sawa. Mimi ndiye msimamizi! Kendi alinipa mkono, akaanza kupanga vitu vyake kwenye katoni. Sikumtazama usoni. Neno moja tu limetia doa: Jumatatu sanduku liwe kamili, kuna wageni kutoka Maua.

Kigae nilipaswa kukirudisha leo. Kiko Embu, nifanyeje? Shangazi mwenyewe alikuwa mtu wa kuazimana, ataelewa.

Nyumbani nimekuta ugoro umemwagika kwenye kizingiti. Nimeufagia. Nilipoingiza fagio ulikuwa umemwagika tena.

Jumamosi, Novemba 8

Nimekwenda kaburini kuomba siku zaidi. Pengo halipo. Limezibwa kwa kibao chetu cheupe, kimeshikwa na simenti iliyokauka, duara la birika likitazama juu.

Nimekimbia hadi ghalani. Kabati limefungwa. Ndani hamna kitu. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Kisha nikafikiri. Ni Kendi. Ana kinyongo na sasa ana nafasi nyingi. Kwamba hajui hata kwetu ni wapi, hilo nitalichunguza baadaye.

Kuna faida moja: kigae cha pili nacho kinalegea. Nimerudi kaburini nikakichukua kwa ajili ya wageni wa Maua. Shangazi, hadi Jumatatu.

Jumapili, Novemba 9

Kanisani mchungaji alitaka tutoe sadaka, nikatafuta pochi. Kitambulisho changu hakimo.

Baada ya ibada nikapitia kaburini. Pengo la pili limezibwa. Ni kitambulisho changu, kimezungushiwa simenti vizuri, picha yangu ikitazama mawinguni. Jina langu lote linasomeka. Kimekaa pale kama rehani ambayo kaburi lilikuwa likiingojea. Nilijaribu kukibandua hadi kucha ikavunjika. Nyuma yangu palinuka ugoro. Sikugeuka.

Lakini mtu hupoteza kitambulisho kila siku! Kesho naandikisha polisi kwamba kimepotea, naomba kingine. Na Daktari Rwamba amepiga simu. Kigae kimepasuka vipande viwili mikononi mwake, anaomba kingine haraka ili aokoe kazi yake.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kigae cha tatu kinacheza, nimekisikia kwa kidole. Nacho kipo karibu na kichwa, kwa hiyo kitakuwa cha daraja la juu.

Shangazi, hadi Jumatano.