Simu Inayongoja Saa Nne

Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda cha Barafu,
Basra.
Jumatano, 16 Ramadhani.

Kwa Mhandisi Ghazwan,
Kitengo cha Usimamizi wa Chaji za Simu,
Uswidi.

YAH: KUOMBA BARUA YENYE MUHURI, ITAKAYOTHIBITISHA KUWA MWENYE KOSA NI SIMU

Mheshimiwa Mhandisi,

Nakutakia funga njema katika nchi ambayo mama yako ananiambia jua lake halina haraka ya kutua. Tafadhali usiisome barua hii kama mpwa wangu. Isome kama mtumishi wa kampuni aliyepokea malalamiko ya mteja. Mambo ya ujomba nimeyaweka mwisho, pamoja na salamu.

Kwa faida ya wakubwa wako, ambao huenda ukalazimika kuwasomea, najitambulisha. Mimi ni Falih Zuwayid, karani mstaafu wa idara ya maji, na mpigaji ngoma ya kuamsha watu kula daku katika mtaa huu, kama alivyokuwa baba yangu. Waeleze pia kuhusu adabu ya mtaa wetu, kwa sababu kesi yote imesimama juu yake. Babu yako alipozeeka, Ramadhani moja alitoka na ngoma yake akakuta taa zimeshawaka kila dirisha. Simu zilikuwa zimemtangulia. Alipiga mpaka mwisho wa mtaa, akarudi nyumbani, akaitundika ngoma. Habari ikawafikia majirani, na tangu mwaka ule, Ramadhani ikiingia, kila nyumba huzima kengele za simu zake ili ngoma isiaibike. Hakuna aliyewaamuru.

Baba aliamka bila kuamshwa. Mimi sikurithi hilo. Naamshwa na simu ili nikawaamshe watu waliozima simu zao kwa heshima yangu. Jambo hili nimelitazama kutoka kila upande, na sijapata upande ambao linanipendeza.

Usiku wa kuamkia Jumapili ngoma haikulia. Mtaa mzima ulifunga bila daku. Nilizinduliwa saa nne asubuhi na Kinyozi Mizhir, aliyekuwa akigonga mlango kwa mpini wa fagio.

"Baba Suhad, uko hai?"

"Niko hai."

"Ungekuwa umekufa ingekuwa nafuu kwetu. Tungekuwa na la kuwaambia watu."

Keshokutwa, Ijumaa, baada ya sala, wanaume watakutana kwenye duka lake la kinyozi waamue kama ngoma ibaki kwetu au iondoke. Anayeitaka kazi hii ni Nasif, mwenye jenereta la mtaa. Haitaki ngoma yenyewe. Anasema ataliwasha jenereta saa ya daku, na mlio wake unatosha kuamsha hata waliozikwa. Watu wamecheka, lakini wamecheka kama watu wanaofikiria. Ndiyo maana nahitaji barua yako kabla ya Ijumaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu inakataa kushiba.

Nikiichomeka inapanda vizuri mpaka asilimia themanini, kisha inasimama. Nilipokupigia kuuliza, ulinijibu: "Mjomba, betri haipendi kukaa imejaa. Ikikaa imejaa, tena kwenye joto, inazeeka upesi. Kwa hiyo simu inajifunza saa unayoichomoa, inajizuia kwenye themanini, halafu inamalizia ikikaribia saa hiyo." Nimeyaandika maneno yako kwenye shajara, na nakiri yana sauti ya elimu. Lakini huku umeme ukija, Mhandisi, kila kitu kinakimbia. Pampu inajaza tangi, mashine inafua, pasi inapigwa hata kwa nguo zisizo na mikunjo. Katika nyumba nzima ni simu yako peke yake iliyokaa kwenye waya imekunja mikono, ikisema nimetosheka.

2. Imejifunza tabia zangu bila kuniuliza, na inazitangaza.

Nililipuuza jambo hili mpaka lilipotokea mbele ya wageni. Jioni moja baada ya futari, Mizhir aliiona simu kwenye soketi, akasoma kioo kwa sauti: "Chaji itakamilika saa nne asubuhi." Akaniangalia. "Kwani saa nne kuna nini?"

Nasif akamjibu kabla yangu. "Hiyo ndiyo alfajiri ya Baba Suhad."

Waliokuwepo wote walinijua kama mtu ambaye, akisharudi na ngoma, halali tena. Anaswali, anasoma, anamwagilia mitende. Wamenijua hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Shajara yangu ya miaka kumi na moja inasema kila siku kwamba nimeamka alfajiri. Simu ya miezi minane inasema saa nne. Naomba kampuni iamue ni ipi kati yao yenye uzoefu zaidi.

3. Inaamini umeme.

Simu inangoja saa nne ili imalizie ile ishirini iliyobaki, kwa imani kwamba saa nne umeme utakuwepo. Nani ameiambia? Umeme wa serikali ulikatika mapema usiku ule wa kuamkia Jumapili, na Nasif alikuwa ameshalizima jenereta lake lipumue. Waya ulibaki ukutani kama kamba ya kuanikia nguo. Aliyeandika maagizo ya simu hii ni mtu ambaye hajawahi kukatiwa umeme, nilijisemea. Kisha nikakumbuka kuwa ni wewe, na kwamba ulizaliwa gizani. Taa aliyoitumia mkunga niliishika mimi.

Najua utasema, kama ulivyosema kwenye simu, kwamba asilimia themanini haiishi kwa usiku mmoja. Hapo ndipo nilipohisi umeanza kuitetea kampuni.

4. Inapata joto bila kazi, na inahama.

Asubuhi ya Jumapili niliikuta imekufa kabisa, na ina joto kama mkate wa tanuri. Haikuwa pale nilipoichomeka, karibu na kitanda. Ilikuwa jikoni, imelala kifudifudi kwenye rafu, ubavuni mwa sufuria ya adesi, ile supu ya dengu. Simtuhumu mtu. Ninachosema ni kwamba chombo kinachoweza kujifunza saa ya mtu ya kuamka hakishindwi kujifunza njia ya kwenda jikoni. Umeme uliporudi, nilipoichomeka, iliandika kuwa haitachaji mpaka ipoe. Nikaiweka kwenye friji kati ya mtindi na limau, kama tufanyavyo sote huku. Nayo ikapoa, ikachaji, ikafika themanini, ikasimama.

5. Imeniharibia jina.

Bibi Tiswahin wa nyumba ya kona unamkumbuka. Ndiye aliyekufundisha kuvunja tende ukitazama ndani kwanza. Sasa haoni vizuri na simu haijui. Huweka gilasi yake ya maji karibu na mto na kungoja ngoma. Jumapili ile hakuisikia, akafunga hivyo hivyo, na alasiri majirani walimkuta amelala sakafuni na kitambaa chenye maji usoni, akisema yuko sawa, wamwache. Jioni nilimpelekea sahani ya wali na samaki. Kesho yake sahani yangu ilirudi.

Ilirudi tupu, Ghazwan. Imeoshwa, imefutwa, na haina kitu. Tangu nizaliwe sijaona sahani ikirudi tupu katika mtaa huu. Hata kipindi cha vikwazo, watu walipokuwa hawana unga, sahani ilirudi na tende mbili au jani la mnanaa. Kijana aliyeileta alinikabidhi mlangoni. Niliibeba ndani kama mtu aliyepokea hati ya mahakama.

Kuhusu mimi mwenyewe, sina cha kulalamika. Siku ile sikuona njaa hata kidogo. Wakati mtaa mzima ulikuwa umejilaza kama mahindi yaliyokosa maji, mimi nilipalilia chini ya mitende miwili na kurekebisha mlango wa uani. Majirani walinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nililichukua jambo hilo kama ushahidi kwamba Mwenyezi Mungu anajua sina hatia, akanipa nguvu.

Kwa hayo yote, naomba kampuni ifanye yafuatayo:

(a) Iandike barua kwa wanaume wa mtaa huu, ieleze kuwa simu ilijinyima chaji kwa makusudi na ndiyo sababu kengele haikulia. Barua iwe na muhuri. Tafadhali uwe wa mviringo. Huku wa mraba hauaminiwi.

(b) Simu ifundishwe Ramadhani.

(c) Ile asilimia ishirini ninayozuiliwa nipewe. Ikizeeka kwa sababu ya kushiba, tutazeeka pamoja.

(d) Iache kuandika saa nne. Ikipenda kumalizia saa nne na imalizie, ila kwenye kioo iandike alfajiri. Sioni nani ataumia.

(e) Kama hayo ni mazito, basi walau muhuri.

Barua hii nitaipiga picha na kuituma kwa simu ileile ninayoilalamikia, kwa sababu sina nyingine. Naomba hilo lisihesabiwe kuwa nimeisamehe.

Sasa mambo ya ujomba. Msalimie mama yako, umwambie mguu wangu haujambo na aache kunitumia soksi. Msalimie mkeo, na watoto, na yule jirani yenu mzee aliyekuazima beleshi la theluji. Mama Suhad anakusalimu. Suhad naye anakusalimu kutoka kwa mumewe. Mizhir hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimu, kisha angeniuliza kwa nini.

Ni mimi, ninayesubiri muhuri,

Falih Zuwayid
(Baba Suhad)

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua zangu zote husomwa kwanza na Mama Suhad aondoe makosa ya tahajia, kwa sababu alimaliza sekondari akiwa na alama za kunishinda. Ameisoma hii akiwa amesimama. Alipofika namba nne akakaa. Alipofika ombi (a) akavua miwani.

"Hapa umeandika kengele haikulia."

"Haikulia."

"Ililia, Baba Suhad. Ililia mpaka nikaamka mimi niliyelala chumba cha pili. Nikakukuta jikoni. Umeme haukuwepo, umewasha tochi ya simu, umeilaza kifudifudi rafuni imulike juu. Unakula adesi."

Nikamwambia huenda ameota.

"Nimeota nikaosha na bakuli? Ulikula mabakuli mawili. La pili uliongeza limau. Nikakuuliza, umeshapiga? Ukasema, nakula kwanza mikono ipate nguvu. Nikanywa maji yangu nikarudi kulala, nikijua unatoka. Asubuhi ulikuwa umelala kwenye godoro la sebuleni na kizibao chako cha kupigia ngoma mwilini, na tochi bado inawaka jikoni. Simu ya watu ilimulika ile sufuria mpaka ikafa."

Nilimwuliza kwa nini amenyamaza siku zote hizi.

"Nilidhani unajua, na unaona haya. Sikujua umesahau na unaiandikia Uswidi."

Nimejaribu kukumbuka. Kilichokuja kwanza ni ladha ya limau.

Kwa hiyo, Mhandisi, asilimia themanini ilitosha. Ilitosha kuniita kwa saa yake, kunionyesha njia ya jikoni, na kukaa macho badala yangu karibu mpaka saa nne. Simu ilijizuia ikiwa imebakiza ishirini. Mimi sikuweza kujizuia kwenye bakuli la kwanza.

Muhuri usitume. Ijumaa nitaibeba ngoma mwenyewe mpaka kwa Mizhir na kuiweka kwenye kiti cha kunyolea, wafanye watakavyo. Kulala watanisamehe, maana hakuna asiyelala. Adesi ndiyo sijui nitaianzaje. Mtaa mzima ulikaa na njaa, na mtu mmoja tu aliyekula daku ni mpiga ngoma.

Mama Suhad anasema nisingoje Ijumaa. Amepika adesi katika sufuria ileile, ameijaza ile sahani iliyorudi tupu, ameifunika na mkate na kuiweka mlangoni. Nimpelekee Bibi Tiswahin kwa mikono yangu kabla ya adhana ya magharibi, na nikifika nimwambie mwenyewe ni chakula gani hiki na kwa nini ni hiki.

Naenda. Simu naiacha kwenye waya. Imefika themanini na imesimama, na kwenye kioo imeandika kuwa itamaliza saa nne asubuhi. Usiibadilishe.