Neno la Kwanza la Mzee Apollinaire

Jumanne, tarehe 9 Septemba
Vizazi vijavyo vijue: leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, bureau ya Butembo imepokea mashine yake ya kwanza ya kutoboa karatasi. Karatasi ya kwanza nimeitoboa kwa mkono wangu. Précieuse, tunayegawana meza, alipiga makofi mawili, akarudia fiche zake, zile karatasi za wagonjwa. Nikatuma picha kwa groupe ya WhatsApp. Dakika haijaisha, Cyrille wa Beni akajibu: félicitations, yaya! Wao wako nazo mbili tangu Juni.

Yaya, yaani kaka mkubwa! Tunalingana miaka.

Utafiti wetu ni mmoja: watu ambao kiharusi kimewanyang'anya maneno, tunaandika namna maneno yanavyowarudia. Miji ni miwili. Nasimamia Butembo, Cyrille anasimamia Beni. Sasa Docta Victorine, mkubwa wetu, anatafuta mtu mmoja wa kusimamia yote. Anakuja Jumanne ijayo kutupima. Nani anafaa? Sitaki kujisifu. Ni mimi.

Jumatano, tarehe 10
Mpango! Mzee Apollinaire ni fundi wa mbao kutoka Kayna. Kwa ajili ya mazoezi anakaa kwa shemeji yake hapa Bulengera. Miezi saba, hata neno moja. Mke wake, Mama Jemima, anamleta kila asubuhi kwa moto, pikipiki ya kukodi, na anaomba kitu kimoja tu: kusikia tena jina lake kwa kinywa cha mume wake. Ombi zuri. Mais ebu fikiri: neno la kwanza likiwa "Muyisa", jina langu, mbele ya Docta!

Tulipomaliza michoro ya kawaida (mbuzi, jembe, sufuria), nikajigonga kifuani. Muyisa. Mara ishirini. Mzee alikuwa bado anamtazama mbuzi.

Alhamisi, tarehe 11
Cyrille ametuma rapport yenye rangi. Rangi nne! Docta akamwekea moyo. Mashine yangu iliwekewa kidole gumba.

Nilimweleza Mzee Apollinaire yote. Cyrille na rangi zake. Cyrille na kicheko chake. Cyrille, ambaye alipata imprimante, mashine ya kuchapa, kabla yangu, na kwa nini? Butembo yote haina msikilizaji kama huyu mzee. Hakatizi. Mama Jemima aliuliza kwa heshima kama hilo nalo ni zoezi. Nikajibu ndiyo, la masikio.

Ijumaa, tarehe 12
Ajabu! Mzee ametikisa midomo: "Si... si..."

Précieuse alidhani anaogopa sindano. Mama Jemima alisema pengine ni Simba, mbwa wao. Nikawaelimisha: anasema "si", ameanza kukana, na mtu akianza kukataa ujue amepona. Nikaandika kwa groupe. Docta: mioyo miwili! Cyrille akauliza nimetumia njia gani. Nikajibu ni siri ya kazi. Kisha nikarudi kwa Mzee, nikamweleza kwamba Cyrille ameshikwa na wivu. Maskini Cyrille. Wivu ni ugonjwa mbaya. Tuliongea juu yake mpaka saa sita.

Jumanne, tarehe 16
Docta amefika na vumbi la barabara. Alianzia Beni, bila shaka.

Nilivaa koti. Nikamketisha Mzee Apollinaire uso kwa uso na kifua changu. Docta akaninyooshea kidole, akamwuliza polepole: Papa, huyu ni nani?

Mzee akanitazama muda mrefu. Akavuta pumzi.

"Cyrille."

Safi kabisa. Hata padre hatamki hivyo.

Mama Jemima akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa Kinande na kwa Kiswahili. Précieuse akatoka nje, mabega yakitikisika. Docta akauliza Mzee amelitoa wapi jina la mtu ambaye hajamwona.

"Mais Docta, ni Papa Muyisa!" Mama Jemima akasema, machozi yanatiririka. "Kila asubui: Cyrille huyu, Cyrille ule. Hata miye namuchukia ule Cyrille, na sijamuona!"

Docta alicheka mpaka akavua miwani.

Baadaye Mzee akamgeukia mke wake akasema "Jemima". Mara mbili, au tatu. Sikusikia vizuri, nilikuwa najaza fiche. Kanuni ni kanuni: neno la kwanza linaandikwa kwa herufi kubwa, msimamizi anatia sahihi. CYRILLE. Sahihi: Muyisa. Nakala tatu.

Alhamisi, tarehe 18
Barua. Msimamizi wa miji yote miwili: Cyrille. Akanipigia simu kabla sijamaliza kuisoma. Aksanti sana yaya, anasema, hakuna mutu amewahi kunitangaza vile.

Nimekaa, nimefikiri, kosa nimelipata. Mzee alikosa mchoro! Mbuzi ana mchoro, jembe lina mchoro, Muyisa hana. Donc nimepiga picha ya uso wangu, nimeiweka kwa daftari la mazoezi, ukurasa wa kwanza. Kuanzia leo, "Muyisa" mara hamsini kila asubuhi. Jina la Cyrille sitalitaja tena, isipokuwa kumweleza Mzee namna alivyoiba nafasi yangu. Docta anarudi Desemba. Atasikia!

Nikachukua daftari, nikaingia chumba cha mazoezi. Viti vitupu. Précieuse akasema bila kuinua kichwa kwamba Docta aliruhusu mazoezi yaliyobaki yafanyike nyumbani.

Mzee Apollinaire amerudi Kayna tangu jana.