Kufufuliwa kwa Babu kwa Njia ya Simu

Chiungutwa, Masasi
14 Machi 2024

Kwa Mkuu,
Ofisi ya Kuwatafuta Askari Waliopotea Vita vya Msumbiji

Ndugu Mkuu,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, pokea tu. Nimepata majibu ya ombi langu la kuthibitishiwa kifo cha babu yangu, Anselmo Barnaba, aliyevuka Ruvuma mwaka 1984 kwenda vitani kwao Msumbiji asirudi. Mmesema yu hai. Hongereni kwa kazi nzuri, ila nina malalamiko machache.

1. Ushahidi wenu ni kwamba mlimpigia simu akapokea. Aliyepokea ni mimi. Huku kwetu mjukuu hurithi jina la babu, nami niliulizwa, "Mzee Anselmo, u mzima?" Nikajibu mzima, namshukuru Mungu. Sikujua kwamba namfufua mtu.

2. Nimezaliwa 1989. Kwa hesabu zenu nilikwenda vitani miaka mitano kabla ya hapo. Mama anashangaa.

3. Mnanitaka nirudishe bunduki ya jeshi. Nimepekua nyumba nzima nikapata panga, majembe mawili na pampu ya kupulizia mikorosho. Semeni mnapokea ipi, maana pampu nitaihitaji mwezi wa sita.

4. Bibi Agatha, mwenye miaka themanini na miwili, hunitania "mume wangu" tangu utotoni, kama bibi yeyote kwa mjukuu wake. Sasa utani huo mmeupiga mhuri. Mke wangu Yuster ameisoma barua yenu mara mbili, na tangu juzi najipakulia ugali mwenyewe.

Hapa sitanii tena. Miaka arobaini Bibi anamngoja babu. Mtu akipiga hodi, yeye hujitengeneza kanga kwanza, ndipo aitikie. Inaniuma sana. Tunataka kumsimamishia babu msalaba makaburini ili Bibi apumzike, na Padri Yeremia hataki kuubariki bila uthibitisho. Naomba neno moja tu: amekufa.

Nisalimieni wote ofisini, hata yule aliyenipigia simu. Ana sauti nzuri.

Ni mimi, niliye hai kwa nafsi yangu mwenyewe,
Anselmo Barnaba (mjukuu)

N.B. Nimemsomea Bibi barua hii kabla ya kuipeleka posta. Amefungua sanduku lake akatoa karatasi yenye mhuri wa jeshi, ya mwaka 1987: Anselmo Barnaba ameuawa. Ameificha miaka yote hii. "Ningewaonyesha mngemzika, mume wangu," ameniambia. "Halafu mimi ningemngoja nani?" Barua yenu ameikunja vizuri, akaiweka juu ya ile. Kwa hiyo msisahihishe kitu. Mkipiga simu tena nitapokea, na jibu ni lile lile.