Zulia la Injinia Limekunywa Mvinyo

Dada zangu, aibu iliyonikuta leo mchana sijui niiweke wapi.

Mnajua Baba Candia wangu alikuwa mpishi wa Injinia, yule mgeni anayetengeneza barabara ya Koboko. Tangu tumzike, mimi na watoto bado tunalala kwenye kile chumba cha nyuma ya nyumba yake. Jana Injinia akaniambia: "Mama Candia, kesho niko na wageni. Pika. Ukiweza, kazi ya marehemu iko yako."

Nisipoweza? Narudi kijijini Manibe na watoto, kwenye nyumba isiyo na paa.

Nikapika angara, wale samaki wadogo wakavu, kwa karanga ya kusaga. Chumvi niliionja mpaka nikashiba.

Wageni wawili wakakaa. Injinia akaniita mezani. Akafungua chupa ya mvinyo mwekundu wa kwao, huko pwani kwenye upepo wa baridi. Akasema Baba Candia ndiye aliyekuwa akiuonja kwanza, kisha anachagua chakula cha kwenda nao. (Kumbe! Ndiyo sababu alikuwa anarudi chumbani akiimba.)

Akanimiminia. Kidogo! Hata ulimi wa kuku haulowi. Kisha akasimama, ananitazama.

Moyo ukanijaa. Kwetu, aliyefiwa hanywi kabla marehemu hajapata yake. Nikawaza, huyu mgeni ana adabu, amemkumbuka. Nikainamisha kichwa. "Baba Candia, pokea." Nikamwaga chini.

Chini kulikuwa na zulia. Jeupe.

Injinia akadhani mkono umeniteleza. Akamimina tena, kidogo vilevile. (Hii ni ya baba mkwe, nikawaza. Naye alipenda kinywaji.) Nikamwaga.

"We mama!" Mgeni mwanamke akainua miguu yote miwili. "Unaua zulia!"

"Mama Candia," Injinia akasema polepole, "kwa nini unamwaga?"

"Ni ya marehemu, Bwana. Mimi nangoja yangu."

Nikaanza kuhesabu vyungu vya kubeba kurudi Manibe.

"Mama, hiyo kidogo ilikuwa ya wewe. Ya kuonja."

Jamani! Uso uliwaka kama sufuria!

Akamimina mara ya tatu. Nikanywa. Ukanikausha mdomo kama ndizi mbichi, halafu nyuma ikaja chumvi kidogo. Nikatafuna na angara yangu. Ikawa kama kulamba jembe. Nilitaka kusema ni tamu. Ile nyumba isiyo na paa ilinijia machoni. Lakini uongo haukutoka.

"Bwana, hii na angara hapana. Wanagombana. Hii inataka mafuta."

"Sasa tutakula nini?"

"Iko mbavu ya mbuzi jikoni. Lakini iko ya askari wa geti."

Wakala mbavu ya askari, wakaishushia na mvinyo. Yule mama wa zulia akafyonza mifupa, kisha akanisogezea glasi: "Onja tena, mama. Lakini safari hii umeze!"

Askari kala angara. Mpaka sasa haongei na mimi.

Kazi nimepata. Kesho naanza na kusugua zulia.

Tafadhali msicheke. Mwachieni Baba Candia acheke peke yake, maana yeye ndiye aliyekunywa.